Skrini Pana kwa Bajeti Ndogo: Pima Kimo Kabla ya Kuuliza Inchi

Wateja wengi wanaotutafuta kwa ajili ya skrini ya kompyuta huanza na swali moja: "Mna za inchi ngapi?" Tunawaelewa, maana hiyo ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Lakini kwenye skrini pana inchi peke yake hupotosha, na anayeumia zaidi ni mwenye bajeti ndogo, kwa sababu hana pesa ya kununua mara mbili.

Inchi hupimwa kutoka kona ya chini ya upande mmoja hadi kona ya juu ya upande wa pili. Skrini ikitanuliwa kwa mapana, namba hiyo inaweza kubaki ileile huku kimo kikipungua. Chukua ile skrini ya zamani iliyokaribia mraba, ya inchi 19 na uwiano wa 5:4 (upana kwa kimo), iliyojaa maofisini miaka ya 2000. Kioo chake kina kimo cha sentimita 30 hivi. Ukiitoa na kuweka skrini pana ya inchi 19 yenye uwiano wa 16:9, kimo kinashuka hadi chini kidogo ya sentimita 24. Inchi ni zilezile, lakini umepoteza sentimita sita za kusomea, na kila ukurasa sasa utaushusha mara nyingi zaidi kuliko zamani. Ili ubaki na kimo ulichokizoea, unahitaji skrini pana ya inchi 24.

Kuna kipimo rahisi unachoweza kufanya ukiwa nyumbani. Chukua karatasi mbili za A4, zisimamishe ubavu kwa ubavu mezani. Upana wake ni sentimita 42, kimo ni 29.7. Kioo cha inchi 24 cha 16:9 kina upana wa sentimita 53 na kimo cha karibu 30. Maana yake, karatasi zile mbili zinaenea humo kwa ukubwa wake halisi, na pembeni panabaki nafasi. Kwa mtu anayeandika ripoti huku akisoma waraka mwingine, au anayeweka hesabu upande mmoja na barua pepe upande wa pili, hicho ndicho kiwango cha chini tunachomshauri. Chini ya hapo utakuwa unapunguza maandishi hadi macho yalalamike.

Sasa tuje kwenye zile pana sana, za uwiano wa 21:9. Zinavutia, na bei zake zimeshuka kiasi kwamba watu wenye bajeti ya kawaida wameanza kuziulizia. Za bei nafuu mara nyingi huwa za inchi 29. Mtu akisikia 29 anadhani anapanda kutoka 24. Kwa upana, kweli anapanda: sentimita 68 hivi. Kwa kimo anashuka, kwa sababu kioo hicho kina sentimita 28 na nusu tu, yaani ni kifupi kuliko cha inchi 24. Kama kazi yako inakwenda kwa mapana, mfano kuhariri video au sauti ambako mstari wa muda unatambaa kushoto kwenda kulia, utaifurahia. Jedwali lenye safu wima nyingi nalo linakaa vizuri. Ila kama kutwa unasoma nyaraka ndefu au unaandika msimbo wa programu, umelipia upana ambao hutautumia. Ya inchi 34 ndiyo inayolingana kimo na skrini ya kawaida ya inchi 27, na hapo bei nayo inabadilika.

Jambo la pili la kuangalia kabla ya pesa kutoka ni idadi ya pikseli, vile vidoti vidogo vinavyojenga picha. Pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha kwenye inchi 24. Maandishi yanakaa safi. Pikseli hizohizo zikitandazwa kwenye inchi 27 kila moja inakuwa kubwa zaidi, na kingo za herufi zinaanza kuonekana zikiwa na ukungu, hasa ukikaa karibu. Tunaona watu wakiongeza pesa kutoka 24 kwenda 27 bila kuongeza pikseli hata moja. Wanachopata ni picha ileile iliyokuzwa. Kwa mtazamaji wa filamu aliyekaa mbali si tatizo, lakini kwa anayesoma maandishi siku nzima hatuishauri. Ukitaka inchi 27, tafuta yenye 2560 kwa 1440. Kama haifiki kwenye bajeti, rudi kwenye 24 ukiwa na amani. Kwa zile pana sana kanuni ni hiyohiyo: 2560 kwa 1080 inafaa kwenye inchi 29, lakini kwenye inchi 34 ni chache, na hapo unahitaji 3440 kwa 1440.

Na kabla hujaamua kununua moja pana sana, fikiria mbili za kawaida. Skrini mbili za 1920 kwa 1080 zikikaa sambamba zinakupa pikseli 3840 kwa upana, mara moja na nusu ya zile 2560 za skrini ya inchi 29. Zikiwa zimeshatumika, mara nyingi bei ya zote mbili haifiki ya ile moja mpya. Kasoro yake ni fremu inayokaa katikati na nafasi zinazochukua mezani. Faida ambayo watu huisahau ni kwamba moja ikiharibika, kazi haisimami. Kwa mwenye ofisi ndogo sisi huanzia hapo, tukishahakikisha kompyuta yake ina matundu mawili ya kutolea picha.

Kuunganisha skrini na kompyuta ndiko kunakorudisha wateja wengi kwetu na malalamiko. Skrini nzuri imeshanunuliwa, imefika nyumbani, picha inatoka ikiwa imevutika na duara linaonekana kama yai. Mara nyingi skrini haina ubaya wowote. Ama kompyuta haijawekwa kwenye idadi ya pikseli za skrini hiyo, jambo linalorekebishwa kwenye mipangilio kwa dakika moja, ama programu ya kuendeshea kadi ya picha haijawekwa, ama kompyuta yenyewe ni ya zamani na haiwezi kutoa pikseli nyingi kiasi hicho. Waya wa VGA, ule wenye plagi pana ya pini 15, bado unafanya kazi kwenye 1920 kwa 1080 lakini maandishi hulegea kidogo. Kama kompyuta ina tundu jipya zaidi la picha, HDMI au DisplayPort, tumia hilo. HDMI ya toleo la 1.4 hupeleka picha ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) mara 30 tu kwa sekunde, na utaona mshale ukisuasua kila unaposogeza kipanya. Mtu mwenye kompyuta ya namna hiyo hana sababu ya kulipia 4K leo. Kwenye kompyuta mpakato angalia pia tundu la USB-C: si kila moja hutoa picha, hata kama plagi inaingia vizuri.

Kuhusu aina ya kioo, kwa matumizi mchanganyiko tunapendekeza IPS, maana rangi hazibadiliki sana ukitazama kutoka pembeni. VA ina weusi uliokolea zaidi na inapendeza kwa filamu chumbani gizani, ingawa vitu vinavyokwenda kasi kwenye sehemu za giza huacha kivuli nyuma yao. TN ni ya bei ya chini, lakini ukiinamisha kichwa tu rangi zinageuka, na kwa skrini pana kasoro hiyo inaonekana hata ukiwa umekaa katikati. Kwa kazi za kawaida hezi 60 au 75, yaani picha kubadilishwa mara 60 au 75 kwa sekunde, zinatosha. 144 ni za wachezaji wa gemu wenye kadi yenye nguvu.

Spika za ndani zisikupandishie bei, ni dhaifu karibu zote. Kioo kilichopinda hakileti tofauti kubwa chini ya inchi 30. Zile namba za mamilioni zinazotangazwa kuonyesha tofauti ya weupe na weusi, zipuuze. Stendi, kwa upande mwingine, ipe uzito, kwa sababu nyingi za bei nafuu huinama mbele na nyuma tu bila kupanda wala kushuka. Ukingo wa juu wa kioo unatakiwa uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, skrini ikiwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kama stendi haipandi, hakikisha mgongo wa skrini una yale matundu manne ya skrubu ya kipimo cha VESA, milimita 75 au 100 kati ya moja na jingine, ili baadaye uweze kufunga mkono wa chuma. Baadhi ya skrini za bei ya chini kabisa hazina.

Skrini iliyotumika tunaipenda na tunaiuza, lakini haitoki mikononi mwetu bila kukaguliwa, na wewe ukinunua kokote fanya hivihivi. Iwashe na uiache ipate moto angalau dakika 20, kwa sababu taa dhaifu huanza kucheza ikishapata joto. Jaza kioo kizima kwa rangi nyeupe, utazame kama kuna umanjano au kona zenye giza. Badili iwe nyekundu, kijani, kisha bluu, ukitafuta kidoti kilichokufa. Weka nyeusi, zima taa ya chumba, uone mwanga unavuja wapi. Bonyeza kila kitufe. Tikisa waya taratibu penye tundu, picha isikatike. Mwisho soma lebo ya nyuma yenye mwaka wa kutengenezwa: skrini za zamani ambazo taa zake za ndani ni mirija, si LED, hufifia na kuwa na umanjano kadiri saa za matumizi zinavyoongezeka, na kuibadilisha mirija hiyo mara nyingi hakulipi.

Ukitaka tukusaidie kuchagua, tutumie vitu vitatu: upana na kina cha meza yako kwa sentimita, picha ya matundu ya kompyuta yako, na maelezo mafupi ya kile unachokifungua kwenye skrini kwa saa nyingi zaidi. Taja na kiwango cha juu cha pesa ulichopanga. Tukiona kompyuta yako haiwezi kuendesha skrini unayoitaka, tutakwambia kabla hujalipa.