Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina, na daftari liko mezani kwa anayetaka kulipekua. Mimi nitasema yale ambayo daftari halisemi.

Tukitazamana humu ndani hatuoni mvivu. Wapo mama lishe wanaowasha moto saa 10 alfajiri pale Mbuyuni, wauza mitumba wa Kiborloni, vijana wa bodaboda wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na wenzetu wanaoshinda kwenye majaruba ya mpunga Mabogini na Chekereni. Kazi tunafanya. Shida ni kwamba pesa inaingia kwa kudonadona, matumizi yanakuja kwa mkupuo.

Mwaka huu niliwatembelea waliochelewesha marejesho. Wengi niliwakuta na deni la pembeni, kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Chukueni mfano: unapewa laki moja, unarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Kwa siku inaonekana ndogo. Ijumlishe sasa: 130,000. Elfu thelathini imekwenda kabla mwezi haujaisha. Kwetu laki hiyohiyo kwa mwezi riba yake ni 5,000, nayo inabaki kwenye sanduku letu la akiba mpaka tugawane. Basi kwa nini mtu apite mlango wetu aende kule? Nilipowauliza, jibu lilikuwa moja: kule wanapewa leo. Sisi tunakutana Jumamosi, na homa ya mtoto haijui Jumamosi. Ndiyo maana kamati iliruhusu mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, utoe fedha ya dharura katikati ya wiki, bila riba, mradi washika funguo za sanduku wote watatu wakubali. Wa mpunga nao sasa wanarejesha baada ya mavuno. Kumdai kila wiki mtu anayelipwa kwa msimu ilikuwa ni kumfundisha kutukwepa.

Usajili umekamilika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi kama chetu daraja la nne, na cheti tumekipata kupitia halmashauri. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2) kamati imeona tusiiombe kwanza. Haina riba, kweli, lakini deni ni deni, na mradi wa kulilipa hatujakubaliana.

Sasa kosa langu. Mwaka jana ni mimi niliyeshikilia tuvunje sanduku, yaani tugawane akiba yote, Desemba. Desemba ya huku mnaijua: wa Dar wanapanda, mbuzi anachinjwa, pombe ya mbege haikosi, na nani anaenda kwa mama yake mikono mitupu? Tuligawana kwa vigelegele. Januari ikafika na sare, viatu, madaftari na michango. Tangu 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazina ada, lakini mtoto haendi darasani peku. Baadhi yetu tulikuwa kwa kausha damu kabla shule hazijafungua wiki ya pili. Akiba ya mwaka mzima ikawa imeishia kwenye sikukuu moja.

Napendekeza tugawane mara mbili: theluthi moja Desemba, iliyobaki mkutano wa kwanza wa Januari. Katibu anapinga. Anasema fedha ni ya mwanachama, si yangu kumpangia lini ale mbuzi wake. Sina jibu zuri la kumpa, ndiyo maana nimelileta kwenu badala ya kulimaliza kwenye kamati.

Kura ni ya siri, karatasi anazo katibu. Kabla hatujaanza, wanaodaiwa faini za kuchelewa wamwone mweka hazina. Na mimi nimo, nadaiwa mbili.