Barua kwa somo yangu

Tanga, Alhamisi usiku

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mtoto kapona ile homa? Sisi wazima, ila mvua imetukalia kooni wiki nzima.

Uliyoyasikia ni kweli: Jumamosi nimefungwa mkanda mweusi wa karate. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza kwa vigelegele, na mimi nina la kuungama kwanza.

Mwaka jana niliporudishwa kwenye mtihani nilikwambia nilikuwa naumwa. Uongo. Kwenye kumite, lile pambano la wawili, yule dada niliyepangwa naye alinipata mdomoni, nikaonja damu, nikammiminia ngumi bila kupima mpaka tukatenganishwa. Sensei, mwalimu wetu, hakunifokea. Alisema tu, "Kakunje gi yako," yaani sare ya mazoezi. Nililia kwenye daladala hadi konda akaniuliza nani kafariki.

Safari hii kumite sikuiogopa. Niliiogopa Sanchin, ile kata, mfululizo wa miondoko ya kufanya peke yako, uliyoiita ya kuvimba bila kwenda popote. Vidole vya miguu vimetazama ndani kama mtu aliyebanwa na haja, hatua chache mbele, chache nyuma, huku pumzi inakwenda taratibu. Sensei akaja nyuma yangu, akanipiga viganja mabegani, paa, kisha mapajani, kuona kama pumzi itakatika. Haikukatika, somo! Jioni mama akaona alama za vidole mgongoni, akataka kwenda kumshitaki.

Majirani nao wameshaniajiri: mwizi akija, wataniita mimi. Hawajui kwamba shodan, hiyo dan ya kwanza, yaani daraja la kwanza la mkanda mweusi, "sho" yake ni mwanzo. Ndiyo kwanza nimepokelewa mlangoni. Halafu Sensei akanisimulia kwamba mkanda mweusi wenyewe karate iliuazima kwenye judo ya Kano Jigoro, mwanzilishi wake, na Funakoshi, mwalimu wa karate, akaanza kuutoa kule Tokyo mwaka 1924. Miyagi Chojun, mwanzilishi wa Goju-ryu, mtindo wetu wa karate, alifariki 1953 bila kumpa dan mwanafunzi wake hata mmoja. Nikacheka, lakini iliniingia. Kumbe mwenye mtindo mwenyewe asingenifunga kitu! Usiku ule niliuweka juu ya kabati, nikaukodolea macho kama deni.

Ukweli, ningeomba wakukatie nusu. Nani alinishikia pedi pale ufukweni Raskazone alfajiri, mchanga mpaka masikioni, hata baada ya wewe mwenyewe kuolewa na kuacha? Mkanda wako wa kijani bado upo. Mama anafungia godoro.

Jumatatu nilipewa darasa la watoto. Kakaja katoto ka miaka sita hivi, mkanda mweupe unaburuzika chini, kakanisimamia mbele. Nimejifunga mkanda miaka yote hii, lakini kumfunga mtu aliyenikabili, mikono ikagoma: kulia kukawa kushoto, fundo likatoka la kufungia mbuzi. Ikabidi nipige magoti nyuma yake, nimzungushie mikono kana kwamba najifunga mwenyewe. Likakaa.

Huu wangu mpya ni mgumu kama ubao, fundo haling'ati. Kale katoto kakageuka, kakanitazama kiunoni, kakasema, "Sensei, na wewe umefunguka."

Nijibu upesi, na uniambie godoro tulifungie nini, nikutumie mkanda wako.

Wako,
Somo