Kwa mdogo wangu, mkuu mpya wa kitivo

Mdogo wangu mpendwa,

Hongera sana. Habari ilitufikia Jumapili baada ya misa, na mama ameisambaza mpaka kwa wauza samaki. Malindi nzima inajua sasa. Huko Nairobi umekabidhiwa kitivo, tena katika chuo cha Kikatoliki. Kabla hujafungua vitabu vya uongozi wa makampuni, nakuomba usome Kanuni ya Mtakatifu Benedikto.

Ni mwongozo wa maisha aliowaandikia wamonaki, watawa wa kiume wanaoishi pamoja, huko Italia, karne ya 6. Ina sura 73, nyingi fupi. Mengine hayakuhusu, kama kipimo cha divai. Lakini sura ya 3 isome taratibu. Abati, yaani mkuu wa monasteri, akiwa na jambo zito huita jumuiya nzima, hulieleza mwenyewe, kisha husikiliza, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Uamuzi unabaki wake, ila unakuja baada ya kusikiliza.

Vikao vyetu unavijua. Mwenyekiti anazungumza saa nzima, halafu anauliza, "Kuna swali?" Yule mhadhiri msaidizi aliyesahihisha rundo lote la karatasi, anayejua ni nani amekosa mtihani kwa ajili ya karo, ameketi karibu na mlango na daftari ameshalifunga. Huyo ndiye wa kuanza naye.

Na sura ya 31, ya mtunza ghala: akiombwa kitu asichonacho, ampe mwombaji neno jema. Wahadhiri wa muda watakuja kuulizia malipo yaliyochelewa, na pengine hela haziko mikononi mwako. Usimtume katibu aseme hupo. Mpe mtu kiti, mweleze ukweli ulipofikia, kisha upande mwenyewe kwa mhasibu ukaulize. Neno jema bila kufuatilia, mimi nalihesabu kuwa dharau.

Wenzako watakwambia chuo si monasteri. Ni kweli. Wahadhiri wako wana watoto na mikopo, wala hawakuweka nadhiri ya kukutii. Abati anasikiliza watu waliokwisha kuapa kumtii. Wewe huna hata hicho cha kuegemea, kwa hiyo kusikiliza kunakulazimu kuliko yeye.

Kwenye kikao chako cha kwanza, mpe nafasi ya kwanza aliye mdogo kuliko wote, na kalamu ushike wewe. Jioni nipigie simu uniambie alisema nini.

Dada yako,
Malindi