Barua kwa mjomba, kuhusu tumbili na mahindi ya rangi

Shikamoo mjomba,

Ubishi wetu wa pale dunguni sijausahau. Ulisema tumbili huongozwa na tumbo tu: akionja tamu anarudi, akionja chungu anaacha. Nilikuwa mtoto, sikuwa na jibu. Leo ninalo, nami nimelipata kwa tumbili wenyewe.

Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti Erica van de Waal, Christèle Borgeaud na Andrew Whiten waliwawekea tumbili wa porini, makundi manne, mahindi ya rangi mbili: pinki na buluu. Rangi moja waliitia shubiri. Shubiri unaijua, mjomba, ndiyo ileile mama aliyojipaka aliponiachisha ziwa. Makundi mawili yakapata pinki chungu, mawili buluu chungu. Hadi hapo umeshinda wewe: ulimi ulifundisha, jicho likashika rangi.

Kisha shubiri ikaondolewa kabisa. Miezi ikapita, watoto wakazaliwa, mahindi yakarudishwa, safari hii rangi zote tamu. Kati ya watoto 27, 26 walikula rangi iliyozoeleka kundini mwao tu. Hao shubiri hawajawahi kuionja hata punje moja! Mama anatafuna mahindi ya pinki, mtoto ubavuni anaokota yaleyale. Ya buluu yamejaa hapo karibu, matamu vilevile, wala hayagusi.

Nimesoma habari hiyo, iliyochapishwa 2013, nikakumbuka ulivyonionyesha ndevu za mahindi: zikikauka na kuwa kahawia, vunja, zikiwa bado laini na nyeupe, acha. Sikuyaonja mabichi ili nijue. Nilikutazama wewe.

Lakini walionigusa zaidi ni madume. Dume la tumbili likikua huhama kwao, na 10 kati yao walihamia kwenye makundi yanayokula rangi nyingine. Karibu wote waliiacha rangi waliyoizoea wakala ya wenyeji. Aliyeshikilia yake alikuwa dume aliyetwaa ukubwa mara tu alipofika.

Unamkumbuka yule dume mwenye mkia uliokatika, aliyekuja peke yake msimu ule wa mvua nyingi? Alikaa kwenye mwembe wa mpakani asubuhi nzima, kundi likila chini yake. Ukasema anatuvizia, ukachukua teo. Mimi sasa naona hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa akitazama wenzake wanakula nini.