Hata kibaka ni mtu wa Mungu

Mhariri, shikamoo, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Kuna kijana alichomwa moto karibu na soko letu hapa Mwanza. Aliiba simu. Na sisemi alisingiziwa, aliiba kweli, wengi tulimwona, mtu akapiga kelele mwiziii, wakamkimbiza mpaka kwenye mtaro, mawe, matofali, afu sijui tairi lilitoka wapi na petroli ikatoka kwenye bodaboda, haikufika hata robo saa. Kesho yake nikasikia ile lugha yetu ya siku zote, ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Mhariri hao wananchi mimi nawajua! Jumapili tulikaa nao benchi moja kanisani, tukapeana amani.

Kinachoniuma ni kwamba sisi Wakristo tukiongelea uhai tunaongelea mimba, na ni sawa, mimi mwenyewe nasimamia hapo hapo kwamba uhai ni tangu mama anaposhika mimba. Ila yule kijana naye si alitungwa mimba? Mwanzo 1:27 haijaandikwa kwamba Mungu aliumba kwa mfano wake wale wasioiba tu. Kaini alimuua ndugu yake wa damu kabisa, na bado Mungu akamtia alama ili mtu akimkuta asimuue. Na Yesu mwenyewe alikufa katikati ya wanyang'anyi wawili, mmoja akaambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Sasa yani mtu ambaye Bwana alimfungulia pepo sisi tunamvisha tairi?

Halafu tuangalie sheria. Nchi hii wizi si kosa la kunyongwa, hata unyang'anyi wa kutumia silaha ni miaka 30 jela. Wanaohukumiwa kifo kwa kuua wenyewe serikali haijamnyonga hata mmoja tangu 1994, wana rufaa, wana mawakili. Papa Fransisko 2018 akabadilisha kabisa Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Sisi pale sokoni hatukumpa hata nafasi ya kusema jina lake.

Ninajua uchungu wa kuibiwa, mimi mama ntilie nimeshaibiwa mauzo ya siku nzima na mtungi wa gesi juu, nililia. Lakini kituo cha polisi kipo, mwenyekiti wa mtaa yupo.

Naomba mapadri na wachungaji walitaje hili mimbarini waziwazi, waseme ni mauaji, na walioshiriki waende wakatubu.

Juzi nilienda kuandikisha nia ya misa kwa ajili yake. Katekista akaniuliza jina la marehemu, sikuwa nalo, nimeulizia soko zima hamna anayelijua. Tukaandika kijana wa mtaroni.

Mama muumini,
Mwanza