Usilizime Kwanza Hilo Dirisha

Kampala

Ndugu yangu Fundi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Arua. Sisi huku wazima, ila mvua. Barua yako nimeipata, na nimecheka ulipoandika kwamba dirisha la "ndiyo au hapana", lile ambalo Windows huombea ruhusa kabla programu haijabadilisha kompyuta, linakuinua kitini kila mteja akigusa kompyuta. Unataka ukishushe kile kijiti cha kwenye mipangilio hadi chini kabisa, Windows isiulize tena. Usifanye hivyo kwanza.

Kuchukizwa hukuanza wewe. Dirisha hilo lilipoingia majumbani na Windows Vista mwaka 2007 liliuliza mno, watu wakawa wanabofya ndiyo bila kusoma, wengine wakalizima. Mwaka uliofuata David Cross, meneja wa Microsoft, alisema waziwazi huko San Francisco kwamba lilitengenezwa ili liwaudhi watu! Hoja yake: watumiaji wakilalamika, watengenezaji wa programu wataacha kudai mamlaka ya kompyuta nzima kwa kazi ndogo. Mimi naona huo ni ujeuri. Windows 7 ya mwaka 2009 ikapunguza maswali, na ndiyo iliyoleta hicho kijiti chenye ngazi nne.

Sasa jiulize: mteja wako anafanya nini? Anachapa barua ya kuomba kazi, anaprinti, anafungua imeli. Kwa hayo Windows haiombi ruhusa. Kwa hiyo dirisha likitokea kila siku, kuna kitu kinalileta. Nashuku ile programu kuukuu ya skana. Tafuta toleo jipya, uliweke mwenyewe mara moja.

Kisha wateja wafungulie akaunti ya kawaida, na ya msimamizi ibaki kwako na neno lake la siri. Hapo dirisha halitawauliza ndiyo au hapana, litadai neno la siri, na hawanalo. Watakuita, lakini kwa nadra. Na ukiitwa, tazama rangi. La manjano maana yake mtengenezaji hajulikani. Mtu akija na flashi, eti ina barua yake, akiifungua inaomba kubadilisha kompyuta, ichomoe. Barua gani hiyo inayoomba ruhusa?

Mobile money huitaka PIN kila tunapotuma pesa, na sijasikia mtu sokoni akilalamika. Inaulizwa pesa zinapotaka kutoka, basi.

Lakini hilo lingine uliloandika, la kuzuia skrini isijifunge mteja akitulia kidogo, hapo nakuunga mkono kabisa. Mzee anayetafuta herufi moja moja, au aliyetoka kwenda kupigwa picha ya pasipoti, asirudi akute amefungiwa. Ongeza dakika. Mwisho wa kazi mtoe wewe kwenye imeli yake, maana wengi husahau.

Nitumie jina la hiyo skana kwa WhatsApp, jioni nikitulia nitakutafutia. Msalimie sana shemeji.

Ni mimi nduguyo,
wa Nasser Road