Barua kwa Mwende, kuhusu kijiji cha akina rafiki yako

Mwanangu Mwende,

Umeniandikia kwamba rafiki yako Mchina alikupeleka kwao Perak, huko Malaysia, ukashangaa kusikia kijiji cha zaidi ya miaka sabini bado kinaitwa Kijiji Kipya. Acha nikueleze, maana jambo hilo limefika hadi nyumbani kwetu.

Wachina wengi wa nchi ya Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, waliletwa na migodi ya bati na mashamba ya mpira, chini ya Waingereza. Bei zilipoanguka miaka ya 1930 wakapoteza kazi. Wakaenda ukingoni mwa msitu, wakafyeka, wakapanda muhogo, viazi vitamu na mboga, wakafuga nguruwe. Wajapani walipovamia Desemba 1941, mchele ukaadimika na maelfu wengine wakakimbia miji kuwafuata. Hati za ardhi hawakuwa nazo. Mashamba yale yalilisha watu wakati wa njaa, ila kwenye makaratasi ya serikali wenyewe waliandikwa wavamizi. Neno hilo huniuma, Mwende.

Juni 1948 Waingereza walitangaza hali ya hatari ili kupambana na wapiganaji wa Kikomunisti waliokuwa msituni, wengi wao Wachina. Wapiganaji walihitaji chakula, na jirani yao alikuwa mkulima. Wapo waliotoa kwa moyo, wapo waliotoa kwa kuogopa bunduki. Mwaka 1950 Jenerali Harold Briggs wa Uingereza akaja na mpango wake: wakulima hao wahamishwe wote. Malori yalifika alfajiri, familia ikapakia kilichobebeka, kibanda kikatiwa moto. Karibu watu nusu milioni waliwekwa kwenye vijiji takriban 480 vilivyozungushiwa seng'enge.

Babu yako alivipitia vijiji hivyo mwaka 1952 akiwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Vita hakupenda kuvisimulia, lakini lango alilisimulia mara nyingi. Kafiu, yaani marufuku ya kutoka nje, ikiisha asubuhi, wakulima walipanga foleni na majembe, ndoo za samadi zikining'inia kwenye mti wa begani. Polisi walichokoa samadi kwa fimbo, wakagonga mianzi kusikia kama ina kitu ndani, wakakagua hata fremu za baiskeli. Walichotafuta ni mchele. Mkebe wa samaki ulitobolewa dukani pale pale uliponunuliwa, usije ukawekwa akiba. Mwenye shamba la mbali alimaliza nusu ya asubuhi langoni, na jioni ilimbidi awahi kabla halijafungwa.

Machi mwaka huo huo, mji wa Tanjong Malim ulifungiwa kafiu ya saa 22 kwa siku na mgao wa mchele ukapunguzwa, kwa amri ya Gerald Templer, mkuu wa utawala wa Waingereza huko Malaya.

Kisha utaratibu huo wa vijiji ukaja kwetu Kenya, wakati wa vita vya Mau Mau. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, waliingizwa kwenye vijiji vya hali ya hatari. Nyanya yako wa Murang'a alikuwa mmoja wao. Yeye alilikumbuka handaki walilolazimishwa kuchimba, chini yake mianzi iliyochongwa. Siku ya posa ya mama yako, yeye na babu yako waliketi wakazungumza habari za malango hadi chai ikapoa vikombeni.

Ukirudi kwa akina rafiki yako, msalimie nyanya yake. Muulize kwao walipanda nini kule ukingoni kabla malori hayajafika, kisha uniandikie majina ya hizo mboga.

Baba yako